Tangazo la Kazi Lisome Mwenyewe

Mwezi huu sitakueleza habari za mbolea wala za viwavijeshi. Nitakueleza habari za kazi za Serikali. Nitakueleza zinatangazwa wapi, zinaombwa namna gani, na kwa nini mtu anayejua kusoma si rahisi kudanganywa.

Huenda utauliza, "Bwana shamba ana habari gani na ajira?" Swali lako ni la haki. Mimi ni bwana shamba wa kata, huku Mkoa wa Songwe. Kazi yangu ni mahindi, maharage na kahawa. Lakini siku hizi nikimaliza kukagua shamba, mwenye shamba huniita pembeni. Haniulizi habari za mbegu. Huniuliza, "Bwana shamba, kijana wangu amemaliza kidato cha nne. Nimpeleke kwa nani apate kazi?"

Liangalie vizuri swali hilo. Hasemi "ataomba wapi". Anasema "nimpeleke kwa nani". Watu wengi wanaamini kwamba kazi ya Serikali imefichwa mfukoni mwa mtu fulani. Wanaamini kwamba ukimpata mtu huyo na kumpa fedha, kazi utaipata. Imani hiyo ndiyo chakula cha matapeli.

MAGUNIA 12 YA MAHINDI

Nitakupa mfano. Katika kijiji kimoja ninachokihudumia yuko mama mjane. Binti yake alimaliza kidato cha nne. Mwezi wa Agosti alifika kijijini mwanamume mmoja mwenye mkoba na simu mbili. Alisema anafanya kazi mpakani Tunduma, na kwamba ofisini kwake wanatakiwa wasichana sita haraka. Alitaka shilingi 600,000. Alisema fedha hizo ni za kufungua faili.

Mama yule alikuwa na magunia 15 ya mahindi. Aliuza 12. Nyumba yake ina watu sita. Alibaki na magunia matatu ya kula mpaka mavuno mengine.

Mwanamume yule alimpa binti barua yenye mhuri. Binti akapanda gari mpaka Tunduma. Alizunguka kati ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, akiuliza ofisi iliyoandikwa katika barua. Ofisi ya jina hilo haikuwapo. Simu ya yule bwana ilikuwa imezimwa. Mwezi wa Desemba, wakati wenzake wanapanda mashamba yao, mama alikuwa analima vibarua kwa watu ili apate debe la mahindi.

Barua ile niliisoma baadaye. Ilisema, "Umechaguliwa." Lakini binti hakuwa ameomba kazi yoyote! Ndugu msomaji, mtu hachaguliwi kwa kazi ambayo hakuiomba. Neno hilo moja lilitosha kuonyesha uongo. Lakini siku barua ilipofika, nyumbani pale waliutazama mhuri tu. Maneno hawakuyapima.

Basi shika jambo la kwanza. Kuomba kazi ya Serikali ni bure. Hakuna fedha ya faili, wala ya fomu, wala ya "kumwona mkubwa". Mtu akikudai fedha ili akupe kazi, huyo ni tapeli au mla rushwa. Binti akidaiwa mwili wake ili apate kazi, hiyo nayo ni rushwa, na sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 inaikataza. Toa habari TAKUKURU. Namba yao ya simu ni 113, na kupiga ni bure.

KAZI ZINATANGAZWA WAPI?

Mimi mwenyewe niliomba kazi zamani kidogo. Wakati huo mkoa huu haukuwapo. Songwe ilianzishwa mwaka 2016. Kabla ya hapo tulikuwa Mkoa wa Mbeya. Hata Wilaya ya Momba ilianza mwaka 2012. Zamani Tunduma na Momba zote zilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbozi.

Nilikuwa na cheti cha kilimo cha chuo cha Uyole. Nililisoma tangazo kwenye ubao pale Vwawa, nikalinakili katika daftari, nikaandika barua kwa mkono na kuipeleka posta. Mara ya kwanza sikuitwa. Mara ya pili sikuitwa. Mara ya tatu niliitwa. Wakati wote wa kusubiri nililima shamba la baba yangu. Hakuna mtu aliyenishika mkono.

Siku hizi mambo yamebadilika. Iko ofisi inayoitwa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Ofisi hiyo ilianza kazi mwaka 2009, na makao yake yako Dodoma. Kazi yake ni kutangaza nafasi, kupokea maombi na kuendesha usaili kwa ajili ya wizara, halmashauri na mashirika mengi ya umma. Matangazo yake huwekwa katika mtandao wa intaneti, mahali panapoitwa www.ajira.go.tz.

Halmashauri nazo hutangaza kazi zikipata kibali. Katika mkoa wetu tuna halmashauri tano: Mji wa Tunduma, na Wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe. Matangazo yake hubandikwa kwenye mbao za matangazo. Ukienda ofisi ya kata au ya halmashauri kwa shida yako nyingine, pita kwenye ubao. Usipite kama unapita ukuta.

Polisi, Magereza, Uhamiaji, Zimamoto na Jeshi la Wananchi wana matangazo yao wenyewe. Jeshi la Kujenga Taifa nalo huita vijana wa kujitolea, nao hupitia ofisi za wilaya na mikoa. Lakini fahamu kwamba JKT hutoa mafunzo. Mafunzo hayo si ahadi ya ajira. Asije mtu akakuuzia "nafasi ya JKT".

NAMNA YA KUSOMA TANGAZO

Tangazo la kazi huwa refu. Usiogope. Lisome polepole, na utafute mambo manne.

Jambo la kwanza ni jina la kazi na idadi ya nafasi.

Jambo la pili ni sifa. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Tuseme kazi ni Mtendaji wa Kijiji Daraja la III. Mwombaji hutakiwa awe amemaliza kidato cha nne au cha sita, na awe na cheti cha chuo katika fani kama utawala, sheria, maendeleo ya jamii au usimamizi wa fedha. Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, Dodoma, ni kimoja cha vyuo vinavyotajwa. Kwa hiyo kidato cha nne peke yake hakitoshi. Au tuseme kazi ni Dereva Daraja la II. Hutakiwa kidato cha nne, leseni ya daraja C au E, mafunzo ya udereva ya chuo kama VETA, na awe ameendesha gari kwa muda uliotajwa bila kusababisha ajali. Kijana anayejua sana kuendesha lori lakini hana leseni ya daraja hilo ataachwa.

Jambo la tatu ni masharti. Kwa kawaida mwombaji awe raia wa Tanzania, na umri wake usizidi miaka 45, isipokuwa kama tayari ni mtumishi wa Serikali. Watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba, na wanatakiwa kueleza ulemavu wao katika maombi. Basi usimwache mtoto mwenye ulemavu nyumbani ukidhani kazi hizi si zake.

Jambo la nne ni tarehe ya mwisho. Mara nyingi muda ni wiki mbili hivi. Ukichelewa siku moja, umechelewa.

TENGENEZA KARATASI MAPEMA

Mkulima hasubiri mvua inyeshe ndipo atafute jembe. Karatasi nazo ni hivyo. Wiki mbili hazitoshi kutafuta kila kitu.

Cheti cha kuzaliwa kinatolewa na RITA kwa kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Namba ya kitambulisho cha taifa inatolewa na NIDA. Bila namba hiyo kijana hawezi kujiandikisha katika mtandao wa ajira. Sisi tunaokaa karibu na Nakonde tuna ndugu pande zote mbili za mpaka. Kwa hiyo huulizwa maswali mengi kuhusu uraia. Usikasirike. Tunza vyeti vya wazazi na karatasi nyingine za ukoo, uende nazo.

Angalia sana majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Simkonda. Cheti cha shule kinasema Simukonda. Kwetu hilo ni jina moja, lakini katika karatasi hao ni watu wawili. Tofauti kama hiyo hurekebishwa kwa kiapo cha kisheria, nayo inataka muda na fedha. Ni nafuu kuizuia tangu mwanzo. Mtoto akiandikishwa darasa la kwanza, nenda na cheti chake, usimame pale, usome jina linavyoandikwa katika daftari. Wewe sasa unajua kusoma. Kazi hiyo usimwachie mtu mwingine.

Nakala za vyeti zithibitishwe na wakili au hakimu kama tangazo linavyosema. Karatasi ya matokeo tu haikubaliwi. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe.

Kuna watu watakuambia kwamba cheti kinaweza "kutengenezwa". Wakimbie. Mwaka 2017 Serikali ilikagua vyeti vya watumishi. Tarehe 28 Aprili mwaka huo Rais John Magufuli alipokea taarifa ya ukaguzi huko Dodoma. Watumishi 9,932 walionekana kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Wengine walikuwa wamefanya kazi miaka mingi, wamejenga nyumba na wanasomesha watoto. Mshahara ulikatika siku moja.

KUOMBA KWA MTANDAO

Maombi mengi siku hizi hutumwa kwa kompyuta au simu. Kijana hufungua akaunti yake, hujaza habari zake, huweka vyeti na barua iliyotiwa sahihi. Wasiokuwa na simu nzuri huenda steshenari, Tunduma, Mlowo au Vwawa. Mwenye steshenari hutoza fedha kwa kazi yake ya kuchapa na kutuma. Hiyo ni halali, kama unavyomlipa mwenye mashine ya kusaga. Si malipo ya kazi ya Serikali.

Lakini kuna hatari moja. Kijana mmoja wa kata yangu alifunguliwa akaunti kwa namba ya simu ya mtu mwingine. Neno la siri hakupewa, naye hakuliulizia. Baada ya miezi kadhaa jina lake lilitoka katika orodha ya walioitwa kwenye usaili. Ujumbe ulikwenda kwa simu isiyo yake. Yeye alipata habari wakati wenzake wameshafanya mtihani na kurudi nyumbani.

Kwa hiyo mwambie mwanao: namba ya simu iwe yake, barua pepe iwe yake, na neno la siri aliandike mahali salama. Kabla ya kutuma, asome kila kitu kilichojazwa. Akishatuma, aingie mara kwa mara aone kama ameitwa. Akikosa nafasi mara moja asichoke kuangalia.

BARUA YA MAOMBI

Barua ya maombi isiwe na sifa nyingi wala shida za nyumbani. Usiandike kwamba wewe ni yatima na unalea wadogo zako. Hayo ni ya kweli na yanaumiza, lakini mwajiri anatafuta anayeweza kazi. Barua iwe fupi namna hii:

(Jina na anwani yako)
(Namba ya simu)
(Tarehe)

(Cheo na anwani iliyoandikwa katika tangazo)

YAH: MAOMBI YA KAZI YA MTENDAJI WA KIJIJI DARAJA LA III

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Ninaomba kazi iliyotajwa, kufuatana na tangazo lenu la tarehe (andika tarehe).

Mimi ni raia wa Tanzania, mwenye umri wa miaka (andika). Nilimaliza kidato cha nne mwaka (andika), na nina cheti cha (andika fani) cha chuo cha (andika jina la chuo).

Ninaambatanisha nakala za vyeti vyangu na maelezo yangu binafsi. Nitakuwa tayari kufika kwenye usaili nitakapoitwa.

Wako mtiifu,
(Sahihi)
(Jina kamili kama lilivyo katika vyeti)

Katika maelezo binafsi hutakiwa majina ya wadhamini watatu. Wadhamini ni watu wanaomfahamu mwombaji na tabia yake, kama mwalimu wake au kiongozi aliyefanya naye kazi. Waombe ruhusa kwanza kabla ya kuandika majina yao.

SIKU YA USAILI

Anayeitwa kwenye usaili hujilipia nauli, chakula na mahali pa kulala. Aende na vyeti halisi pamoja na kitambulisho. Mara nyingi huanza mtihani wa kuandika. Wanaofaulu huitwa tena kwa mahojiano. Kazi nyingine, kama udereva, zina mtihani wa vitendo.

Hapo ndipo gunia la mahindi lina kazi. Uza gunia moja upate nauli ya mwanao. Usiuze 12 kumpa mtu mwenye mkoba.

Aliyefaulu lakini nafasi zikajaa hakutupwa. Jina lake huweza kuhifadhiwa kwa muda, na nafasi ikitokea akapangiwa. Kwa hiyo simu yake isizimwe.

USIKAE UKISUBIRI

Sasa nikwambie ukweli. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi mno. Kijana anaweza kuwa na sifa zote, karatasi zote, na bado asipate. Hilo si lazima liwe hila ya mtu. Ukiwa na mbegu za ekari kumi na shamba la ekari moja, mbegu nyingi zitabaki ghalani hata zikiwa nzuri.

Kwa sababu hiyo kijana asikae barazani miaka mitatu akisema anasubiri ajira. Alime, afuge, ajifunze ufundi. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata masharti yake. Nakuhakikishia kwamba shamba lililolimwa vizuri halimzuii mtu kuitwa kwenye usaili.

Na wewe uliyejifunza kusoma ukiwa mtu mzima, usijidharau. Kazi nyingi za Serikali zinataka kidato cha nne, nawe huenda hukufika huko. Lakini njia haijafungwa. Aliyemaliza darasa la saba anaweza kujiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, ambao watu huuita QT, na baadaye akafanya mtihani wa kidato cha nne. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima huwasaidia watu wa namna hiyo. Binti aliyeacha shule kwa sababu ya kupata mtoto naye anaruhusiwa kurudi shuleni. Serikali ilitangaza hivyo Novemba 2021.

Hata kama hutaki mtihani wowote, kusoma kwako kuna faida kubwa nyumbani. Katika kata yangu yuko mama mmoja aliyejifunza kusoma akiwa tayari na wajukuu. Kila siku ya gulio hupita kwanza ofisi ya kata, akasimama mbele ya ubao wa matangazo. Husoma kwa kidole, neno moja moja. Akikuta tangazo la kazi, hunakili jina la kazi, sifa zinazotakiwa na tarehe ya mwisho. Akirudi huwaambia majirani wenye watoto waliomaliza shule. Hatozi hata shilingi moja.

Siku moja mtu mgeni alifika kwa jirani yake akisema anauza nafasi za kazi. Wakamwita mama yule. Aliketi, akamwambia, "Baba, karibu. Tuonyeshe tangazo tulisome." Mgeni akasema tangazo liko Tunduma. Mama akamjibu, "Basi tutalisoma likifika."

Mgeni aliaga kabla chai haijaiva.